Anayeuguza Naye Ana Mwili

(Haya ni mazungumzo ya wiki yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.)



Nenda asubuhi kwenye hospitali yoyote kubwa ya Nyanda za Juu Kusini, iwe ile ya Rufaa pale Mbeya au ile ya Mkoa pale Iringa, kabla ya saa ya kuona wagonjwa. Nje ya geti utawakuta akina mama wamejitanda vitenge, wengine wamejifunika blanketi kwa ajili ya baridi, mkononi wameshika chupa ya chai, hotipoti na ndoo yenye mfuniko. Wapo waliotoka Kyela, wapo waliotoka Ileje, Kilolo na Mufindi. Ukiwauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" watakujibu upesi. Lakini ukiwauliza, "Na wewe je, unaendeleaje?" wengi watanyamaza kwanza. Swali hilo hawajaulizwa siku nyingi.

Leo napenda tuzungumze juu ya watu hao. Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofanana lakini hayalingani. Kuna muuguzi na kuna muuguzaji. Muuguzi amesomea kazi yake, ana zamu, ana mshahara na ana likizo. Muuguzaji ni mke, mama, binti, mume, shangazi au jirani mwema, ambaye siku moja mgonjwa aliletwa nyumbani na watu wote wakamtazama yeye. Hana zamu wala likizo. Mgonjwa ana kadi, ana faili na ana kitanda chenye namba. Muuguzaji hana chochote kinachoonyesha kwamba naye yumo katika vita hivyo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama ukiwa kichwani mwa mwingine, unauona mwepesi kama pamba. Nasi ndivyo tunavyoutazama mzigo wa muuguzaji. Tunakwenda kumwona mgonjwa, tunakaa robo saa, tunatoa pole na ushauri mwingi kuhusu dawa za mitishamba, kisha tunaondoka. Mlango ukishafungwa, anabaki mtu mmoja na usiku mrefu.

Watu wa Mbeya na Iringa hawahitaji kufundishwa maana ya kuuguza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika mwaka 1986 ugonjwa ulikuwa umeshaonekana katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Barabara kuu iendayo Zambia, pamoja na vituo vyake vya malori kama Makambako, Mafinga, Uyole na Tunduma, ililetea mikoa hii biashara, na maradhi nayo yakapita humo humo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003 hadi 2004 ulionyesha kwamba katika mikoa ya Mbeya na Iringa, zaidi ya watu wazima 13 katika kila 100 walikuwa na virusi, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya virusi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutolewa bure na serikali, mwishoni mwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, dawa kubwa ya mgonjwa ilikuwa mikono ya yule aliyemwosha, aliyemlisha uji na aliyemgeuza kitandani.

Dawa hizo zimebadili mambo sana. Watu waliokuwa wakisubiri kufa wamerudi mashambani na madukani. Hata hivyo uchunguzi wa mwaka 2022 hadi 2023 bado uliweka Njombe, Iringa na Mbeya miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha juu: Njombe watu wazima karibu 13 katika kila 100, Iringa 11, na Mbeya kati ya 9 na 10, wakati wastani wa taifa ulikuwa kati ya 4 na 5. Na tena, maradhi mengine yameingia mlangoni. Siku hizi nyumba nyingi zinauguza kiharusi, saratani, kisukari kilichokata mguu, figo zilizochoka na wazee waliopoteza kumbukumbu. Magonjwa hayo hayamalizi kazi yake kwa wiki mbili. Mtu aliyepooza upande mmoja anaweza kuuguzwa miaka kumi. Kwa hiyo swali la nani anayemtunza muuguzaji halijapitwa na wakati. Limezidi kuwa kubwa.

Wapo watakaosema: "Huyu mtangazaji anataka kutuletea mambo ya kizungu. Kumuuguza ndugu ni wajibu. Bibi zetu waliuguza bila kulalamika." Ni kweli ni wajibu. Lakini bibi zetu waliuguza katika nyumba yenye watu wengi. Mmoja alikwenda mtoni, mwingine alisaga, mwingine aliketi na mgonjwa. Leo hapa Mwanjelwa, au kule Kihesa na Mlandege, mama anapanga vyumba viwili, mume yuko safarini, watoto wako shuleni, na genge lake la nyanya lazima lifunguliwe la sivyo hakuna chakula. Wajibu umebaki ule ule, bali mikono imepungua. Figa moja haliinjiki chungu.

Sasa tutazame mwili wenyewe, maana mwili hausemi uongo. Mwaka 1915 daktari Mmarekani aitwaye Walter Cannon alieleza namna mwili unavyojiandaa mtu anapokutana na hatari. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, misuli inakaza, na tumbo linasimamisha kazi yake. Mwili unajiweka tayari kwa mambo mawili: kupigana au kukimbia. Mwaka 1936, huko Montreal nchini Kanada, mtaalamu mwingine, Hans Selye, akaonyesha kwamba hali hiyo ikiendelea muda mrefu bila nafuu, mwili wenyewe huanza kuharibika.

Basi mfikirieni mtu anayeuguza. Usiku mgonjwa akikohoa, anashtuka. Mgonjwa akinyamaza, anashtuka zaidi. Simu ikilia, moyo unaruka. Mwili wake uko tayari kupigana au kukimbia, lakini hana wa kupigana naye, na pa kukimbilia hakuna. Anabaki amekaza shingo, mabega na taya, siku baada ya siku. Ndipo tunapomsikia anasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, chakula hakishuki na usingizi umepotea. Tunadhani ni malaria. Anapimwa, haionekani.

Mambo haya yamepimwa. Mwaka 1995, huko Ohio nchini Marekani, wataalamu waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, na wengine 13 wa umri unaolingana wasiouguza. Kila mmoja aliwekewa kidonda kidogo sana mkononi kwa kifaa cha hospitali, kisha wakahesabu siku hadi kipone. Vidonda vya wale wanaouguza vilichelewa kupona kwa siku 9. Hawakuwa na ugonjwa mwingine wa kueleza jambo hilo. Ulikuwa uchovu wa kuuguza, umeingia hadi kwenye ngozi.

Mwaka 1999 ukatoka uchunguzi mwingine wa Marekani, wa wazee waliofuatiliwa kwa miaka 4. Wale waliokuwa wakiwauguza wenzi wao huku wamelemewa, hatari yao ya kufa ilizidi kwa asilimia 63 ile ya wenzao wasiouguza. Lakini sikilizeni sehemu ya pili ya habari hiyo, maana ndiyo yenye faida kwetu. Wale waliouguza bila kulemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo ya ziada. Maana yake ni kwamba kuuguza kwenyewe hakuui. Kunakoua ni kulemewa. Na kulemewa kunaweza kupunguzwa.

Je, kwa njia gani? Hapa ndipo ninapotaka kutumia muda wangu uliobaki. Nitaeleza njia nne za kuutuliza mwili na akili. Hazihitaji fedha wala vifaa. Mtu anaweza kuzifanya akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali, au jikoni akisubiri maji ya uji yachemke.

Njia ya kwanza ni pumzi. Mtu mwenye hofu huvuta pumzi fupi za juu juu, kifuani tu. Ukizibadili pumzi, unaupelekea mwili habari kwamba hatari imepita. Kaa vizuri, mgongo umeegemea. Weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta hewa taratibu kwa pua huku ukihesabu moja hadi nne, tumbo lijae, mkono uinuke. Kisha itoe hewa kwa mdomo polepole, kama anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga, ukihesabu moja hadi sita. Siri iko kwenye kutoa. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana hapo ndipo moyo unapopunguza mwendo. Fanya hivyo dakika tano, asubuhi na jioni. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida, kisha uanze tena taratibu zaidi.

Naomba hapa niweke onyo linalotuhusu sisi wa nyanda za baridi. Mwezi Juni na Julai, watu wa Mafinga, Makete, Njombe na Uporoto huingiza jiko la mkaa chumbani ili mgonjwa apate joto, na madirisha hufungwa. Mkaa ule hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Mwongezee mgonjwa blanketi, mpe chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, lakini jiko litoke nje kabla ya kulala. Na mchana dirisha lifunguliwe, hasa kama mgonjwa ana kifua kikuu, ili anayemuuguza naye asiambukizwe.

Njia ya pili ni kukaza na kulegeza misuli. Iliasisiwa na daktari Edmund Jacobson wa Chicago, ambaye alitoa kitabu juu yake mwaka 1929. Yeye aliona kwamba mtu mwenye wasiwasi huwa amekaza misuli bila kujua, na kwamba kumwambia "legea" hakusaidii kitu. Kwanza lazima ajue kukaza kunafananaje. Basi anza na miguu. Kunja vidole vya miguu kwa nguvu, hesabu hadi tano, kisha achia ghafla. Subiri kama nusu dakika, usikilize tofauti. Panda kwenye ndama za miguu, kaza, achia. Mapaja, kaza, achia. Tumbo. Ngumi za mikono. Mabega, yainue hadi karibu na masikio kisha yaangushe. Mwisho uso: fumba macho kwa nguvu, uma meno, kisha achia vyote.

Usizuie pumzi wakati wa kukaza. Mahali palipo na jeraha au maumivu, paruke. Ukifanya zoezi hili kitandani, huenda usingizi ukakuchukua kabla hujafika mabegani, na hiyo si hasara. Wale wanaomwinua mgonjwa mzito kila siku watalipenda zaidi, maana mabega na mgongo ndivyo vinavyobeba mzigo. Na kwa kuwa tumegusia kuinua: kunja magoti, msogeze mgonjwa karibu na kifua chako, na kama yupo wa pili, muite. Usimwinue mgonjwa kwa kuinama kiunoni.

Njia ya tatu ni kutuliza akili kwa neno moja. Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu kilichosomwa sana. Alikuwa amewapima watu waliokuwa wakikaa kimya na kurudia neno moja moyoni, akakuta pumzi zao zinapungua, moyo unatulia, na mwili unatumia hewa kidogo zaidi. Aliona pia kwamba jambo hilo si geni. Liko katika dini nyingi za dunia. Mwislamu anayehesabu tasbihi baada ya swala anaijua njia hii. Mkatoliki anayeshika rozari anaijua. Asiye na dini naye anaweza kuchagua neno lake, kama "amani" au "polepole".

Kaa mahali penye utulivu, fumba macho, legeza mwili. Kila unapotoa pumzi, litaje neno lako moyoni. Mawazo yatakuja: deni la dawa, ada ya mtoto, sura ya mgonjwa. Usipigane nayo. Yaone kama magari yanayopita barabarani wewe ukiwa umekaa barazani, kisha rudi kwenye neno lako. Dakika kumi zinatosha, na kama una nafasi, ishirini.

Njia ya nne ni mwendo. Mwili uliojiandaa kukimbia usiku kucha unaomba angalau utembee. Nusu saa ya kutembea kwa miguu, bila mzigo kichwani wala safari ya dukani, inasaidia kichwa na inasaidia usingizi. Aliye Iringa apande kuelekea jiwe la Gangilonga, mahali ambapo mji wote unaonekana chini. Aliye Mbeya atembee huku anautazama mlima Loleza. Aliye Tukuyu ana migomba na chai za kutosha kumpumzisha macho. Asiyeweza kutoka kwa kuwa hakuna wa kumwachia mgonjwa, basi afumbe macho na aende kwa mawazo mahali anapopapenda, kama ufukwe wa Matema pale Ziwa Nyasa, asikilize maji, asikie mchanga miguuni. Wataalamu hutumia njia hiyo nao, na mwili huitikia kwa kiasi chake.

Mtu asiseme kwamba haya yanawafaa Wamarekani tu. Katika kambi ya wakimbizi ya Rhino, kaskazini mwa Uganda, wanawake wapatao 700 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika jaribio ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana katika vikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa ya kukabili msongo wa mawazo. Miezi mitatu baadaye hali yao ilikuwa afadhali kuliko ya wenzao waliopata huduma za kawaida tu. Wale walikuwa wamepoteza nchi, waume na nyumba. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo chenye mafunzo ya namna hiyo kwa ajili ya watu wote. Na angalieni: walifundishwa kwa sauti iliyorekodiwa, kama hivi mnavyonisikia mimi.

Lakini, ndugu zangu, nisije nikauza dawa kwa sifa isiyo yake. Pumzi hazilipi bili ya hospitali. Kulegeza misuli hakumrudishii kazi mtu aliyeacha biashara ili auguze. Na lipo jambo moja ambalo zoezi lolote haliwezi kulishinda, nalo ni maumivu ya mgonjwa. Mtu hawezi kulala chumba kimoja na mama yake anayelia kwa maumivu ya saratani. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba maumivu ni sehemu ya ugonjwa, tuvumilie. Ipo dawa ya kunywa, mofini ya maji, ambayo hutolewa kwa maelekezo ya daktari kwa wagonjwa wa maumivu makali. Uganda waliianza mwaka 1993 kupitia hospisi iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman. Hapa kwetu Hospitali ya Selian ya Arusha ilianza huduma ya tiba shufaa mwaka 1999, na hospitali nyingine za KKKT zikafuata, zikiwamo za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road pale Dar es Salaam nayo inaitoa. Muulize daktari wako kwa jina: tiba shufaa. Mgonjwa akitulia, muuguzaji atalala, na mazoezi niliyoyataja yatapata pa kushika.

Kuna na njia za mkato ambazo lazima tuzitaje. Ulanzi pale Iringa na kimpumu huku Mbeya vimewapa watu wengi usingizi wa saa tatu na majuto ya siku tatu. Pombe hulaza upesi, kisha huamsha usiku wa manane, na mgonjwa akiita anakuta anayemuuguza hajiwezi. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani bila cheti cha daktari ni mtego mwingine, maana mwili huvizoea na kudai zaidi.

Uchovu huharibu pia uamuzi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya Watanzania walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wapo waliowatoa ndugu zao vitandani hospitalini, na wapo wagonjwa waliofia njiani na katika foleni. Sisemi hivyo ili kuwacheka. Nyumba iliyouguza miezi mingi bila msaada itaifuata njia yoyote inayoonekana kuwa na mwisho. Angekuwapo mtu wa kumpumzisha muuguzaji siku mbili, alale, ale, afikiri, huenda safari nyingine zisingefanyika.

Hapa nawageukia wanaume wenzangu, na ndugu wote wanaotuma salamu. Tutazame nani anayeuguza. Mara nyingi ni mwanamke. Mara nyingine ni binti wa kidato cha pili aliyeachishwa masomo "kwa muda" na muda ule haukuisha. Mwanamume hutoa fedha, akiwa nazo, na kuona amemaliza. Fedha ni msaada, hakuna anayekataa. Lakini hakuna fedha inayoweza kukesha. Mkae kikao cha ukoo, kama mnavyokaa kwa ajili ya harusi, mpange zamu kwa majina na siku. Kaka achukue usiku wa Jumamosi. Shemeji afue mashuka siku ya Jumatano. Mjomba aliye na gari apeleke mgonjwa kliniki. Jirani asiyeweza lolote alete chakula kilichopikwa, asilete maswali. Tukija kuona mgonjwa, tusimpeleleze muuguzaji kama amempa dawa hii au ile. Tumwambie: "Dada, nimekuja kukaa saa mbili. Nenda kaoge, ukalale."

Na wewe, dada au kaka unayeuguza, nakuomba neno moja. Ukipewa hizo saa mbili, zichukue. Wengi wenu mnaona aibu. Mnaona kulala wakati mgonjwa anaumwa ni kumsaliti, kucheka ni dhambi, na kwenda kusuka nywele ni kutangaza kwamba humjali. La hasha. Mgonjwa anausikia mkono wako. Mkono wa mtu aliyechoka humgeuza kwa ghafla, humlisha kwa haraka na humjibu kwa ukali, hata kama moyoni unampenda. Dakika zako kumi za pumzi anazipata yeye pia, katika namna unavyomshika.

Yapo mambo yanayokutaka uende kwa daktari kwa ajili yako mwenyewe, usingoje. Ukikosa usingizi wiki mbili hata unapopata nafasi ya kulala. Ukilia kila siku bila kujizuia. Ukijikuta unataka kumpiga mgonjwa, au umeshampiga. Ukiwaza kwamba ni afadhali ufe, au kwamba ni afadhali yeye afe upumzike. Mawazo hayo huwajia watu wema. Hayakufanyi kuwa muuaji wala mwendawazimu. Ni dalili kwamba mzigo umepita kipimo, kama homa ilivyo dalili. Nenda zahanati au hospitali, eleza kwa maneno yale yale, na uombe kumwona anayehusika na afya ya akili. Mwambie na mtu mmoja unayemwamini, usiku huo huo.

Tangu mwaka 1989, wakati WAMATA ilipoanzishwa na watu waliokuwa na wagonjwa wa UKIMWI katika nyumba zao, nchi hii imekuwa ikijifunza kwamba wanaouguza wakikutana, mzigo hupungua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa sababu hiyo mwenye kukijua kitanda chako ni yule anayelala juu ya kinachofanana nacho. Si lazima kiwe chama chenye katiba na muhuri. Akina mama watano wa mtaa mmoja, wakikutana Jumapili alasiri chini ya mwembe au uani, wakafanya pumzi pamoja kwa dakika kumi, kisha kila mmoja akasema juma lake lilikuwaje, hicho ni kikundi tosha. Viongozi wa mitaa, wachungaji, mapadre na maimamu wanaweza kutoa chumba. Wahudumu wa afya wanaotembelea wagonjwa majumbani wanaweza kuongeza swali moja kwenye daftari lao, la hali ya anayeuguza.

Hospitali zetu nazo zifikiri. Mtu aliyetoka Ileje hana ndugu Mbeya mjini. Anahitaji bomba la maji, choo safi, mahali pa kupikia na paa la kulala. Palipo na banda la wauguzaji, lisigeuzwe stoo. Pasipokuwapo, lijengwe. Ndugu wanapompikia mgonjwa, kumwosha na kumgeuza, wanafanya kazi ambayo hospitali ingelazimika kumlipa mtu aifanye. Paa na bomba la maji ni malipo madogo mno kwa kazi hiyo.

Kwa leo naishia hapo. Usiku wa leo, baada ya kumpa mgonjwa dawa yake ya mwisho na kumfunika, kabla hujainuka kuosha vyombo, kaa. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Vyombo vitangoja.